Nyonga yako iko wapi, na nani anaibeba: mwongozo kamili wa kuijua kwa mikono yako mwenyewe

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyonga hii itanilaza."

Ni mama wa makamo, anakaanga maandazi tangu alfajiri, na karibu siku nzima yuko wima. Nilipomwomba anioneshe panapouma, aliukumbatia upande wa kulia kwa kiganja: kidole gumba nyuma juu ya tako, vidole vingine mbele vikizama kinenani. Sisi wa fiziotherapia tunaifahamu ishara hiyo. Mkono unaoshika hivyo mara nyingi unakizungumzia kiungo chenyewe. Kilichonishughulisha zaidi ni mkongojo wake. Aliushika mkono wa kulia, upande uleule unaouma. Nikamwambia auhamishie kushoto. Akanitazama kana kwamba nimemwambia avae kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

"Kwa nini kushoto, wakati ugonjwa uko kulia?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike haya. Jibu halieleweki mpaka ujue nyonga imejengwaje na inaubebaje mwili, na nimeona watu wengi wakiambiwa "shika huku" bila kuelezwa sababu, wiki ya pili wanarudia upande ule wa zamani. Nitakupitisha hatua kwa hatua. Nyingi utazifanya mwenyewe, umesimama karibu na ukuta au umelala mkekani. Vaa nguo nyepesi, uwe na kiti imara kisichoteleza. Kama una maumivu makali, umeanguka karibuni au umefanyiwa upasuaji wa nyonga, soma kwanza, usijaribu mpaka anayekutibu akuruhusu.

Hatua ya 1: Itafute ilipo

Katika maongezi yetu "nyonga" ni eneo pana. Mtu husema nyonga akimaanisha kiuno, mwingine tako, mwingine ubavu wa paja. Kwa kazi yetu leo, nyonga ni kiungo kimoja tu: pale fupa la paja linapoingia kwenye fupanyonga.

Simama wima, mikono kiunoni kama mtu anayegomba. Viganja vimetua juu ya ukingo wa mfupa. Huo ni ukingo wa juu wa fupanyonga, na kiungo bado kiko mbali. Ufuate kwa vidole kuja mbele na chini kidogo mpaka ukutane na ncha ngumu. Iache hapo akilini, tutaihitaji. Sasa shusha kiganja ubavuni, kama upana wa kiganja kimoja chini ya ule ukingo, ukandamize, kisha zungusha mguu mzima ndani na nje huku kisigino kikigusa sakafu. Utahisi fundo gumu likiviringika chini ya vidole. Hilo ni nundu ya fupa la paja. Kwa jina la kitabibu, trokanta kubwa. Wengi hudhani ndiyo nyonga yenyewe. Siyo. Ni mahali misuli inaposhikia, na kiungo kiko ndani zaidi na mbele zaidi.

Rudi kwenye ile ncha ya mbele. Vuta mstari wa kufikirika kutoka hapo hadi kwenye mfupa wa kinena, katikati kabisa ya mwili. Gusa taratibu nusu ya njia: utasikia mshipa mkubwa wa damu ukidunda. Nyuma ya mdundo huo, chini ya mshipa na misuli, ndiko nyonga iliko.

Ukishapajua, maumivu yanaanza kusomeka. Yanayokaa kinenani, yanayokushika ukivaa soksi au ukishuka garini, mara nyingi ni ya kiungo. Yanayokaa juu ya ile nundu ya ubavuni, yanayokuamsha ukilalia upande huo, mara nyingi ni ya kano za misuli ya tako zinazoshikia pale. Yanayoanzia tako na kushuka nyuma ya paja hadi chini ya goti, mara nyingi mzizi wake ni mgongo. Nasema mara nyingi, kwa sababu nyonga ina tabia ya kulalamikia mahali pengine: baadhi ya neva zinazoihudumia zinahudumia na goti, hivyo mtu huweza kuja na goti bovu kumbe mgonjwa ni nyonga.

Hatua ya 2: Mpira, kikombe na shingo

Kichwa cha fupa la paja ni mpira, karibu theluthi mbili za duara kamili, na kwa watu wazima wengi kipenyo chake ni kati ya sentimita 4 na 5. Unaingia kwenye kikombe kilicho ubavuni mwa fupanyonga. Madaktari wa kale walikiita asetabulamu, yaani kikombe kidogo cha siki cha mezani kwa Warumi. Kikombe hiki hujengwa na mifupa mitatu inayokutana katikati yake; mtoto anapozaliwa mifupa hiyo imeunganishwa na gegedu tu, yaani ile tishu nyororo kama mfupa laini, na huja kushikana kuwa mfupa mmoja wakati wa kubalehe.

Mpira na kikombe vimefunikwa na gegedu laini lenye unene wa milimita chache. Gegedu hili halina mishipa ya damu wala neva. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kadiri unavyoweka mzigo na kuuondoa, kama sponji inavyokamuliwa na kuachiwa. Kwa hiyo nyonga isiyotembezwa inakosa chakula. Kuzunguka mdomo wa kikombe kuna ukingo laini kama mpira wa mfuniko, unaokiongezea kina na kuuziba ute usivuje.

Ukingo huo, pamoja na ute, unafanya kazi ya kunyonya. Katika kitabu chao cha mwaka 1836, ndugu wawili wa Ujerumani, Wilhelm na Eduard Weber, walieleza jinsi walivyoilaza maiti mguu ukining'inia, wakakata misuli yote iliyozunguka nyonga pamoja na mfuko unaofunika kiungo. Mguu haukuanguka. Wakatoboa tundu kwenye kikombe, hewa ikaingia, na mpira ukachomoka. Shinikizo la hewa peke yake lilikuwa limeubeba mguu mzima.

Kati ya mpira na fupa refu kuna shingo. Kwa mtu mzima inakutana na fupa kwa pembe ya nyuzi 125 hadi 135 hivi, tena imepindwa kuelekea mbele kwa nyuzi 10 hadi 15. Mtoto mchanga ana pembe kubwa zaidi, karibu 150, na mpindo mkubwa zaidi. Kutambaa, kusimama na kutembea ndiko kunakoifinyanga mpaka ikafikia ya utu uzima. Hapa nataka kusema neno kuhusu mbeleko. Mtoto anayebebwa mgongoni, mapaja yamepanuka na magoti yamekunjwa kukumbatia kiuno cha mama, mpira wake umekaa katikati ya kikombe na unakisaidia kikombe kukua kuufuata. Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, waliozoea kuwafunga wachanga kwenye ubao miguu ikiwa imenyooshwa pamoja, walijulikana kwa watoto wengi wenye nyonga zisizokaa sawa. Usione haya kumbeba mwanao mgongoni.

Shingo ndiyo inayofanya nyonga iwe kama mpini uliopinda. Inaisogeza ile nundu ya ubavuni mbali na kiungo ili misuli ipate mahali pa kuvutia. Lakini inadai gharama. Mishipa ya damu inayoulisha mpira hupanda ikiambaa na shingo, na mzee akianguka shingo ikavunjika, mishipa hiyo huweza kukatika na mpira ukafa. Jambo kama hilo huwapata watu wenye seli mundu bila kuanguka kokote: chembe za damu zilizojikunja huziba mishipa midogo, mfupa unakosa damu, na mpira unaanza kubonyea kijana akiwa bado na miaka ishirini na kitu.

Hatua ya 3: Kamba zinazokufunga ukisimama

Nyonga imezungushiwa mfuko mgumu, na mfuko huo umeimarishwa na ligamenti tatu, yaani kamba ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Ya mbele, yenye umbo la Y iliyopinduliwa, ndiyo yenye nguvu kuliko ligamenti zote mwilini. Zote tatu zimejizungusha shingoni mwa fupa kwa namna ambayo ukinyoosha nyonga zinajikaza kama kitambaa kinachokamuliwa, na ukiikunja zinalegea.

Jaribu. Simama wima, weka kiganja kimoja juu ya tako. Sukuma nyonga mbele kidogo, mabega yarudi nyuma, magoti yamenyooka. Utahisi msuli wa tako ukilegea. Sasa umening'inia kwenye ligamenti ya Y, na ndivyo mlinzi wa getini anavyosimama saa nyingi bila kuchoka sana.

Upande wa pili wa jambo hili ni wa hatari. Abiria wa kiti cha mbele ameketi, nyonga imekunjwa, ligamenti zimelegea. Gari likigonga, goti linapiga dashibodi na nguvu inasafiri kwenye paja kurudi nyuma. Mpira unaweza kutoka kikombeni kwa nyuma, karibu kabisa na neva kubwa ya mguu inapopita. Nitarudi huko mwishoni.

Hatua ya 4: Zihisi nguvu nne

Usijaribu kukariri misuli zaidi ya ishirini inayopita hapo. Ijue kwa kazi.

Keti kitini, kiganja chini ya tako, kisha anza kuinuka: kinachokuwa kigumu ni msuli mkubwa wa tako, wa kupanda ngazi na kuinuka kutoka kuchuchumaa. Keti tena, inua goti juu dhidi ya mkono wako: kinachovuta ni msuli wa kina unaoanzia uti wa mgongo na ndani ya fupanyonga na kushikia juu ya fupa la paja. Bana ngumi kati ya magoti mawili: hiyo ni misuli ya ndani ya paja, ile ambayo wacheza mpira huichana mara kwa mara.

Wa nne ndio ninaoutaka. Simama karibu na ukuta, chomeka kidole gumba cha kulia chini kidogo ya ukingo wa fupanyonga, ubavuni kabisa. Sasa inua mguu wa kushoto. Papo hapo chini ya kidole pamekuwa pagumu kama ubao. Huo ni msuli wa kati wa tako. Shusha mguu, umelegea, inua, umekaza. Kila hatua unayotembea, kulia kisha kushoto, unafanya hivyo, na usingefanya hivyo, kiuno kingeanguka upande wa mguu ulio hewani.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mzigo

Chukua kalamu, hapa ndipo penye jibu la yule mama.

Watu hufikiri nyonga inabeba uzito wa mwili, basi. Ukisimama kwa miguu miwili ni kweli, tena chini ya hapo: kila nyonga hubeba kama theluthi moja ya uzito wako. Lakini kutembea ni kusimama mguu mmoja, tena na tena.

Chukua mtu wa kilo 60. Mguu mmoja ni karibu sehemu moja ya sita ya mwili, yaani kilo 10. Akisimama kwa mguu wa kulia, kilo 10 za mguu huo ziko chini ya kiungo. Zilizobaki, kilo 50, ziko juu yake. Lakini haziko juu yake sawasawa: katikati ya uzito huo iko upande wa kushoto wa kiungo, tuseme sentimita 10. Kwa upande wa nje, msuli wa kati wa tako unavuta kutoka sentimita 5 hivi. Fikiria ubao uliolazwa juu ya gogo, upande mmoja mrefu mara mbili ya mwingine. Aliyekaa upande mfupi lazima awe mzito maradufu ili ubao usiinuke.

Kilo 50 mara sentimita 10 ni 500. Msuli uvute kiasi gani kutoka sentimita 5? 500 gawanya kwa 5 ni 100. Msuli unavuta kwa nguvu ya kilo 100, kuelekea chini, na mvuto huo wote unaishia kwenye mpira wa nyonga pamoja na zile kilo 50. Jumla ni 150. Mtu wa kilo 60 amesimama tu, na nyonga yake inakandamizwa kwa mara mbili na nusu ya uzito wake. Theluthi mbili za mzigo huo si mwili; ni msuli wake mwenyewe.

Hiyo ni hesabu ya karatasini, mtu kasimama wima bila kupinda, na umbali wangu ni wa kukadiria. Lakini imepimwa ndani ya watu hai. Georg Bergmann na wenzake huko Berlin waliweka nyonga bandia zenye vipimo ndani yake, wakasoma mzigo mgonjwa akitembea. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2001 yalionesha wastani wa asilimia 238 ya uzito wa mwili kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, asilimia 251 kupanda ngazi na 260 kushuka. Na vipimo vya awali vilinasa jambo lingine: mgonjwa alipojikwaa, mzigo uliruka zaidi ya mara 7 ya uzito wake. Kwa hiyo nikimwambia mtu aondoe zulia linalokunjamana mlangoni na kuweka taa njia ya chooni, ni kwa sababu hata kabla ya kuvunja mfupa, kujikwaa kwake ni nyundo juu ya gegedu.

Sasa hesabu hii inaeleza mengi. Inaeleza kwa nini ukipunguza kilo 1 ya mwili, nyonga inapumzika kilo 2 na nusu kila hatua. Inaeleza kuchechemea: mwenye nyonga mbovu anapolalia upande unaouma, anausogeza uzito karibu na kiungo, ukifika sentimita 5, msuli unahitaji kilo 50 tu na jumla inashuka hadi 100. Anayechechemea hivyo anajitibu bila kujua, ingawa mgongo wake unalipa. Hata nyonga bandia ya kisasa ilizaliwa kwenye hesabu hii. John Charnley, daktari Mwingereza wa hospitali ya Wrightington, mwanzoni mwa miaka ya 1960 alitumia mpira mdogo wa milimita 22 ili kupunguza msuguano, akakizamisha kikombe ndani zaidi na kuisogeza nundu ya paja nje zaidi. Yaani alifupisha upande mrefu wa ubao na kurefusha ule mfupi.

Hatua ya 6: Mkongojo

Mama ana kilo 60, nyonga ya kulia inauma, mkongojo uko kushoto. Mkono wa kushoto uko mbali na nyonga ya kulia, kama sentimita 40. Akikandamiza mkongojo kwa kilo 6 tu, ardhi inamsukuma juu kwa kilo 6 kutoka umbali huo: 6 mara 40 ni 240. Zile 500 zinakuwa 260. Msuli sasa unahitaji kilo 52 badala ya 100. Ongeza kilo 44 zilizobaki juu ya kiungo, jumla ni 96. Kutoka 150 hadi 96, kwa kukandamiza kilo 6.

Akiushika kulia? Mkongojo uko nje ya nyonga, upande uleule wa msuli. Kusukuma juu kutoka hapo hakumsaidii msuli hata kidogo. Kiuno kinazidi kutaka kuangukia kushoto. Njia pekee ya kupata nafuu ni kuulalia mwili mzima juu ya fimbo, na ndivyo mama alivyokuwa anafanya, bega moja juu na moja chini.

Namna ya kuupima na kuutumia:

Vaa viatu unavyotembelea. Simama, mikono ining'inie yenyewe. Kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ukiushika, kiwiko kikunjike kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Mrefu sana unalinyanyua bega, mfupi sana unakukunja. Chini uwe na mpira, na mpira ukichakaa badilisha. Wa kipande cha tairi kilichochongwa vizuri na kufungwa imara unafaa.

Mkongojo na mguu mbovu husonga mbele pamoja, kisha mguu mzima unafuata. Kwenye ngazi: kupanda, mguu mzima hutangulia, mbovu na mkongojo vinafuata, kushuka, mkongojo na mguu mbovu hutangulia. Palipo na kishikizo, kitumie.

Ule woga wa "nitazoea fimbo" sioni sababu yake. Nyonga inayoshushiwa theluthi ya mzigo inatembea mbali zaidi, na kutembea ndiko kunakolisha gegedu.

Hatua ya 7: Ndoo iende mkono gani

Sheria ya ndoo ni kinyume cha mkongojo, kwa sababu mkongojo unasukuma juu na ndoo inavuta chini. Kwa mtu yuleyule wa kilo 60 mwenye nyonga mbovu ya kulia, ndoo ya lita 10:

Mkononi kushoto, nyonga ya kulia inapokea kama kilo 240 akisimama juu yake. Mkononi kulia, kama 120, pungufu hata ya akiwa mikono mitupu, maana ndoo inavuta upande wa msuli. Kichwani, au ikigawanywa ndoo mbili ndogo za lita 5, kama 180.

Basi beba upande unaouma. Inashangaza, watu hukataa mpaka wajaribu. Mkoba wa bega nao ni hivyohivyo. Usigeuze hili kuwa ruhusa ya kubeba ndoo ya lita 20 kutwa nzima; hatua za upande wa pili nazo zinahesabiwa, na nyonga ile nzima ndiyo inayolipa.

Hatua ya 8: Jipime

Kipimo cha kusimama mguu mmoja kilielezwa na daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg mwaka 1895, na bado sijaona cha bei nafuu kinachokishinda. Simama karibu na ukuta, ncha za vidole ziuguse tu. Mtu wa nyumbani achuchumae nyuma yako, aweke vidole gumba kwenye ukingo wa fupanyonga pande zote mbili. Inua mguu mmoja kwa kukunja goti kuelekea nyuma, ukae sekunde 30. Vidole vyake vikibaki usawa mmoja, au upande wa mguu ulioinuliwa ukapanda kidogo, msuli wa upande uliosimamia ni imara. Upande ulioinuliwa ukishuka, msuli wa upande uliosimamia umechoka au umedhoofika. Aangalie na mabega: mwili ukilala kwa nguvu juu ya mguu uliosimamia, umekwepa mtihani.

Kisha mzunguko. Keti juu ya meza, magoti yaning'inie. Peleka unyayo nje bila kusogeza paja: hapo nyonga inazunguka ndani, na nyuzi 35 hivi ni kawaida. Linganisha pande mbili. Mzunguko wa ndani ndio mara nyingi wa kwanza kupungua nyonga inapoanza kusagika, miaka kadhaa kabla mtu hajashindwa kuchuchumaa.

Mwisho lala chali mkekani, vuta goti moja kifuani mpaka mgongo ulale bapa. Kukunja kamili ni nyuzi 120 hivi. Tazama mguu uliobaki: paja likiinuka lenyewe kutoka mkekani, misuli ya mbele ya nyonga hiyo imefupika, jambo la kawaida kwa madereva, mafundi cherehani na wote tunaokaa mezani kutwa.

Mwenye nyonga inayokaza chooni au kwenye swala asijilazimishe. Kiti cha choo cha plastiki, stuli ya kuswalia au mto mgumu unaoinua makalio si aibu, na vinamwepusha kukandamiza mpira ukingoni mwa kikombe.

Hatua ya 9: Imarisha msuli wa kati

Mazoezi matatu yanatosha kuanzia, mara tatu kwa wiki.

Lala ubavu, mguu wa chini umekunjwa, wa juu umenyooka sambamba na mgongo. Inua wa juu kama kimo cha ndoo ndogo, kisigino kikitangulia, vidole visitazame juu. Shusha polepole. Mara 10, pumzika, rudia mara mbili. Kosa ninaloliona karibu kwa kila mtu ni paja kuteleza mbele. Hapo unafanyisha kazi msuli mwingine. Ukiegemeza kisigino ukutani na kukipandisha huku kikiugusa ukuta, kosa hilo linakufa.

Lala chali, magoti yamekunjwa, inua makalio, hesabu hadi 5, shusha. Mara 10, mizunguko mitatu.

Keti na kuinuka kitini bila mikono, polepole hasa wakati wa kuketi. Anza na kiti kirefu, au weka mto.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika kama yamekwisha kesho yake asubuhi. Yakibaki au yakizidi, punguza idadi. Nguvu ya msuli haiji kwa siku saba. Jipime tena kwa kipimo cha mguu mmoja baada ya wiki sita au nane.

Hatua ya 10: Usichokaa nacho nyumbani

Mzee ameanguka, hawezi kusimama, mguu umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje: hiyo ichukulie kama shingo ya fupa iliyovunjika mpaka eksirei ikatae. Aliyetoka ajalini, mguu mfupi, goti limegeukia ndani: mpira umetoka kwa nyuma, na urudishwe hospitali ndani ya saa chache, kabla saa 6 hazijapita tangu ajali, kwa sababu damu ya mpira inakatika. Hawa wawili wasikandwe, wasivutwe mguu, wasisimamishwe "kujaribu". Mlaze, saidia mguu kwa mito ulivyo, tafuta gari.

Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga, anayelia ukisogeza nyonga: usaha kiungoni hula gegedu kwa muda mfupi. Hospitali leo, siyo kesho.

Mwenye seli mundu mwenye maumivu ya kinena yasiyokwisha aombe nyonga zake zipigwe picha, hata kama maumivu yanafanana na yale aliyoyazoea. Hatua za mwanzo eksirei ya kawaida huweza isioneshe kitu, hivyo arudi kama yanaendelea.

Na kijana wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea akilalamikia goti, goti lenyewe likionekana zima. Nimekutana na waliochuliwa goti wiki nyingi wakati mpira wa nyonga ulikuwa unateleza kidogo kidogo kutoka shingoni kwenye sehemu ya ukuaji. Mlaze chali, kunja goti na nyonga yake taratibu kuelekea kifuani. Paja likienda lenyewe upande wa nje badala ya kuja moja kwa moja, asikanyage tena mguu huo. Mbebe, mpeleke, na mwambie daktari apige picha ya nyonga zote mbili, siyo ya goti.